Risala ya Klabu ya Biolojia kwa Mgeni wa Heshima, Daktari wa Macho

Mheshimiwa Daktari, Mgeni wetu wa Heshima, Bwana Prefe, walimu wetu, baba na mama wazazi, wanafunzi wenzetu: jambo kwenu nyote.

Karibu sana shuleni kwetu hapa Goma. Tangu tulipoambiwa kwamba mgeni wetu ni daktari wa macho, tuliamua kukueleza tulichojifunza muhula huu, kisha tukupe ombi moja.

Tulianza na jicho la ng'ombe. Tulilinunua kwa muuza nyama wa soko la Virunga, tukalipasua kwa wembe darasani. Ndani tulikuta utando laini kama ule wa maziwa yaliyochemshwa, umeshika mahali pamoja tu, pale neva inapotokea kwenda kwenye ubongo. Hiyo ndiyo retina. Tukadhani somo limekwisha. Mwalimu akatuambia tushike visogo vyetu, akasema, "Hapo ndipo mnapoonea."

Wewe Daktari unayajua haya kuliko sisi, lakini wazazi wetu wengi watayasikia leo kwa mara ya kwanza. Kila neva ya jicho ina nyuzi kama milioni moja. Habari za mwanga hupita humo, hupumzika kidogo katikati ya ubongo, kisha hufika kwenye gamba la ubongo la kisogoni. Huko hakuna picha inayotundikwa ukutani. Kuna kazi inayogawanywa.

Fikirini chukudu, ule mkokoteni wetu wa mbao wa magurudumu mawili, inayoteremka kutoka Kibumba, imejaa kabichi. Seli moja ya kisogoni husisimka ikikutana na mstari wa wima, nyingine mstari wa kulala, nyingine ule wa mshazari kama ubavu wa mlima Nyiragongo. Jambo hili liligunduliwa mwaka 1958 na David Hubel na Torsten Wiesel, kule Baltimore, Marekani. Walikuwa wakimwonesha paka nukta, na seli haijibu. Walipobadilisha kipande cha kioo kwenye mashine ya kuonyeshea picha, ukingo wake ulipitisha kivuli chembamba, na seli ikalipuka kwa milio kwenye kipaza sauti walichoiunganisha nacho. Haikuwa inataka nukta, ilitaka mstari. Mwaka 1981 walipewa Tuzo ya Nobel.

Kutoka hapo habari huendelea mbele. Eneo liitwalo V4 hushughulika sana na rangi, ule ukijani wa kabichi. Eneo liitwalo V5 hushughulika na mwendo: chukudu inakuja, tena inakuja mbio. Mwalimu alitusahihisha tusiyachore kama vyumba vilivyofungwa milango, kwa sababu maeneo haya huzungumza kila wakati. Namna yanavyoungana hadi tukaona chukudu moja, wataalamu wanabishana hadi leo.

Kilichotugusa zaidi ni habari ya mwanamke mmoja wa Ujerumani, iliyoandikwa mwaka 1983. Ubongo wake uliumia pande zote mbili, karibu na hilo eneo la mwendo. Rangi aliziona, maumbo aliyaona, lakini mwendo ulimpotea. Akimimina chai, aliiona imeganda kama barafu, asijue kikombe kinajaa. Gari lililokuwa mbali, mara limemfikia. Tulijiuliza angevukaje barabara zetu, na motari wote hawa.

Sasa ombi letu. Hubel na Wiesel walifunga jicho moja la vitoto vya paka katika miezi yao ya kwanza. Walipolifungua, jicho lilikuwa zima, lakini seli nyingi za kisogoni hazikulijibu tena. Kwa paka wakubwa haikuwa hivyo. Ubongo hujifunza kuona utotoni.

Mimi ninayesoma risala hii nina mdogo wangu wa miaka 11. Alikuwa na makengeza ya jicho la kushoto. Alipokuwa na miaka 4, mama alimpeleka mahali pa matibabu, akaambiwa litanyooka lenyewe akikua. Mwaka jana alipimwa vizuri: jicho halina kidonda wala ukungu. Lakini akifunika la kulia, hasomi ubaoni. Ubongo wake ulizoea kulipuuza. Laiti jicho zuri lingefunikwa mapema kwa saa chache kila siku, lile dhaifu lingelazimika kufanya kazi, na leo angekuwa anasoma nalo.

Tunakuomba, Daktari, utupatie ubao wa kupimia macho, na uwafundishe walimu wa shule za watoto wadogo hapa mtaani kuutumia, jicho moja moja. Kwetu sisi wakubwa mnaweza kuchelewa; kwa wale wa miaka 4 na 5 tafadhali msichelewe. Ukuta wa nyuma wa darasa la kwanza tumeupaka chokaa, tumepima mita 5 na kupiga mstari sakafuni. Watoto 12 wa jirani wako nje na mama zao, wanakungoja.

Asante sana.

Wanafunzi wa Klabu ya Biolojia, Goma