Mlio wa bildi usitudanganye

Mhariri,

Naomba nafasi gazetini nizungumze na vijana wanaoandika programu hapa Kampala. Kufunga mlio wa kukujulisha kwamba bildi (kazi ya kompyuta kuigeuza misimbo iwe programu) imeisha ni kazi ndogo, lakini mingi niisikiayo maofisini husema uongo.

Wengi huandika mstari mmoja: make, amri ya kuanzisha bildi, kisha && ("ikifaulu") na sauti ya kufaulu, kisha || ("ikifeli") na sauti ya kufeli. Sauti ya kufaulu ikishindwa kucheza, pengine faili halipo, ile ya kufeli ndiyo italia ingawa bildi ni nzima. Tumieni if na else. Hatari zaidi ni kupitisha matokeo kwenye tee, amri inayoyaonyesha na kuyaandika failini, ili yahifadhiwe: Bash, programu inayoendesha amri hizi, hulipokea jibu la amri ya mwisho, yaani tee, na tee karibu kila mara husema sawa. Bildi imevunjika, wewe unasikia imefaulu! Dawa ni set -o pipefail mwanzoni mwa skripti, ili kufeli kwa amri yoyote katika mnyororo kuhesabike.

Sauti zenyewe mnazo tayari. Kwenye Ubuntu angalieni /usr/share/sounds/freedesktop/stereo, complete.oga na dialog-error.oga zinatosha, na paplay huzicheza. Wenye Mac watumie afplay na faili za /System/Library/Sounds, Glass.aiff kwa kufaulu na Basso.aiff kwa kufeli.

Msiiweke paplay kwenye seva. Jenkins, programu inayofanya bildi zenyewe kwenye seva, huendeshwa kwa akaunti yake isiyo na spika, na hata ingekuwa nayo, ingelia huko iliko. Anayefanya kazi kwenye kompyuta ya mbali kwa ssh atumie printf '\a', herufi ya kengele, kwani husafiri hadi kwenye dirisha lake, mradi kengele haijazimwa.

Kwetu lipo la ziada. Umeme ukikatika ruta huzimika, laptop inaendelea kwa betri. Skripti inayoiuliza seva hali ya bildi ikiwa na milio miwili tu, itatangaza kufeli kusikokuwapo au itanyamaza, nawe utadhani mambo ni shwari. Wekeni mlio wa tatu, wa seva kutojibu, na curl, amri inayoiuliza seva, ipewe --max-time 10 (isubiri sekunde 10 tu) isining'inie. Mlio wa kufeli ulie pale tu hali inapobadilika. Ukirudia kila dakika, watu watauzima, na haki wanayo. Mwenzenu asiyesikia naye apate arifa ya notify-send kwenye skrini, sekunde ileile.

Mtengenezaji programu,
Ntinda, Kampala