Barua kutoka Leuven: dagaa wetu mbele ya wasomi

Leuven, Ubelgiji

Baba na Mama wapendwa,

Shikamooni. Mimi ni mzima, na natumaini kwamba nanyi pamoja na wote wa hapo Kibirizi mu wazima wa afya. Baba aliniuliza kwa simu ni jambo gani hasa tulilokwenda kulisema mbele ya watu wiki iliyopita, na kwa kuwa mtandao ulikatika kabla sijafika mbali, nimeona afadhali nieleze kwa maandishi, tena kwa kirefu, maana sehemu ya kazi ile ni ya Mama.

Lilikuwa kongamano la wanafunzi wa uzamili na uzamivu kuhusu matatizo ya dunia na miaka ijayo, na sharti lake lilikuwa kwamba kila utafiti uunganishe taaluma zaidi ya moja. Nisifiche kwamba baadhi ya mawasilisho yalitimiza sharti hilo kwa jina tu: mwanauchumi alisema yake, mhandisi akasema yake, wakagawana dakika na kupigiwa makofi. Lililonivutia zaidi ni la mwanasheria na mtaalamu wa barafu waliochambua kesi ya Saúl Luciano Lliuya, mkulima wa Huaraz nchini Peru, ambaye mwaka 2015 aliishtaki kampuni ya umeme ya RWE huko Ujerumani. Juu ya mji wake kuna ziwa linalozidi kujaa kwa sababu barafu ya milimani inayeyuka, naye alidai kampuni ichangie asilimia 0.47 ya gharama za kujikinga, kiasi kilichokadiriwa kuwa sehemu yake katika gesi zinazopasha dunia joto. Mei 2025 mahakama ya rufaa ya Hamm ilitupilia mbali dai lake, ikisema hatari iliyoikabili nyumba yake haikuwa kubwa vya kutosha, lakini ikakubali kwamba kimsingi mtoaji mkubwa wa gesi hizo anaweza kuwajibishwa. Wenzetu wale walionyesha jinsi shauri zima lilivyoning'inia kwenye swali ambalo wakili hawezi kulijibu peke yake: je, kuna uwezekano gani kwamba maji yale yataifikia nyumba hiyo katika miaka 30 ijayo? Hapo ndipo nilipoona taaluma mbili zinahitajiana kweli.

Sisi tulikuwa watatu: kijana wa Mpulungu, upande wa Zambia wa ziwa letu, ambaye anasomea maziwa, Mbelgiji wa takwimu, na mimi na uchumi wangu. Mwenzangu wa Mpulungu ndiye aliyeanza, akaeleza kwamba Ziwa Tanganyika, lenye kina cha karibu mita 1,470, ni la pili kwa kina duniani baada ya Baikal, na kwamba rutuba yake nyingi imelala huko chini ambako oksijeni haifiki. Pepo za kusi zinazovuma kuanzia Mei hadi Septemba, ambazo Baba anazijua kuliko chombo chochote cha maabara, huyasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na yale ya chini yakapanda upande wa kusini pamoja na rutuba yake; viumbe vidogo sana vya majini vikastawi, dagaa wakala, na mgebuka wakawala dagaa. Maji ya juu yakizidi kupata joto huwa mepesi, na upepo ule ule hauwezi tena kuyachanganya na ya chini kama zamani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 na Catherine O'Reilly na wenzake ulikadiria kwamba uzalishaji wa ziwa ulikuwa umepungua kwa asilimia 20 hivi, jambo ambalo lingeweza kupunguza samaki kwa takriban asilimia 30.

Kisha ikaja zamu ya madaftari ya Mama na wenzake wa mwaloni, ambayo kaka alinipigia picha ukurasa kwa ukurasa. Mbelgiji wetu alipoyaingiza kwenye kompyuta, mstari wa bei ya beseni la dagaa wabichi ulikuwa ukiruka juu kila baada ya majuma manne hivi, na siku nyingine hakuna kilichoandikwa kabisa. Yeye alidhani ni makosa ya uandishi, akapendekeza siku hizo zifutwe. Nikamwambia asifute kitu: hiyo ni mbalamwezi, wavuvi hawatoki, kwa sababu taa haivuti dagaa kama anga yote inang'aa. Alinitazama kwa muda, kisha akapanga upya hesabu zote kufuata mwezi wa angani badala ya kalenda ya ukutani, na mstari uliokuwa umechafuka ukatulia. Ukumbini picha hiyo ndiyo iliyoulizwa sana kuliko zote, na profesa mmoja wa takwimu aliomba irudishwe kwenye skrini aitazame tena. Jina la Mama wala la mama yeyote halikutajwa. Tuliandika tu kwamba ni kumbukumbu za wanawake wachuuzi wa Kigoma.

Mjadala ulipamba moto tulipofika kwenye kufungwa kwa ziwa, yaani kusimamishwa kwa uvuvi, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Kuna wanaosema samaki wamepungua kwa sababu ya uvuvi kupita kiasi, na wapo wanaosema joto ndilo kisa kikuu. Nionavyo mimi, yote mawili yapo, ila kufunga ziwa ni dawa ya hilo la kwanza tu, kwa kuwa jua halisikii tangazo la serikali, na anayelipa gharama ya kufunga hakuchangia karibu chochote katika joto hilo. Mkulima wa Huaraz angenielewa.

Ndipo dada mmoja kutoka Senegali, anayesomea afya ya jamii, akauliza swali ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameliweka kwenye utafiti: katika miezi ile mitatu, wanawake wanaoanika dagaa waliishi kwa nini, na watoto walikula mboga gani badala yake?

Kwa hiyo, Mama, naomba msaada wako. Waulize wenzako kama mlinunua dagaa wa Mwanza wakati ule na kwa bei gani, nani aliuza mali gani ili apate mtaji wa kurudia kazi, na kama kuna waliokopa, walikopa kwa nani na kwa riba ipi. Wasiotaka kuandikwa waachwe. Wanaokubali, kaka apige picha kurasa zao za kuanzia Aprili hadi Septemba 2024, anitumie kabla ya mwisho wa mwezi, kwa maana tunatakiwa kurudisha andiko lililosahihishwa. Fedha za bando nimeshaziweka kwenye simu yake.

Nisalimieni shangazi na majirani wote.

Wasalaamu,
Mwanenu