Barua kwa Furaha kuhusu njia ya kwenda ziwani

Bukavu, 20 Agosti 2023

Mpendwa dada Furaha,

Salamu nyingi kutoka Bukavu. Sisi sote tu wazima; mama anakusalimu sana, na watoto wanajiandaa kurudi shuleni mwanzoni mwa Septemba. Barua yako niliipata tangu Juni, lakini sikutaka kuijibu kabla sijajua wakazi wa avenyu yetu wameamua nini kuhusu ziwa. Sasa wameamua, na katika uamuzi wao limo jambo ambalo tunakuomba wewe utufanyie, kwa hiyo univumilie nikueleze kwa kirefu.

Ile njia ya kushukia majini imefungwa. Mwanzoni zilisimikwa nguzo za mikalitusi na mabati chakavu, tukaambiwa kwamba mafundi wanahifadhi saruji yao humo. Kisha ukapanda ukuta wa mawe, ukatiwa geti la chuma, na nyuma ya ukuta huo sasa kuna jengo la ghorofa tano lenye ngazi yake lenyewe ya kuteremkia ziwani. Parseli (kiwanja) ya jirani, ile iliyokuwa na nyumba moja ya kizamani na bustani kubwa, imekatwa vipande, na kila kipande kimeota ghorofa zake, nyumba zikiwa zimebanana kiasi kwamba mtu wa dirisha hili anaweza kumpa chumvi mtu wa dirisha lile. Ukisimama barabarani huoni tena maji, unaona kuta tu.

Lililotuumiza zaidi ni kwamba ardhi ilipokwisha, walianza kutengeneza nyingine. Malori humwaga mawe na udongo ukingoni, vibarua hupanga magunia ya mchanga ndani ya maji, hujaza kifusi nyuma ya magunia hayo, huacha mvua ikishindilie, halafu humwaga zege. Mahali ambapo sisi tulikuwa tukisimama maji yakitufika kiunoni, leo pameegeshwa magari. Wewe uliye Mwanza umezoea ziwa lenye maji mafupi hadi mbali, lakini ziwa letu la Kivu silo hivyo: kina chake kinafika karibu mita 485, kingo zake huzama ghafla, na oksijeni ipo katika maji ya juu tu, kiasi cha mita 60 au 70, kwani chini zaidi kumejaa gesi. Ukanda wa maji mafupi ni mwembamba sana, na ndio huo unaofukiwa. Sambaza, wale samaki wadogo ambao waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 na ambao leo ndio kitoweo cha mtu asiyeweza kununua nyama, hukulia karibu na ukingo wangali wachanga. Wavuvi wanaokesha na taa zao katikati ya ziwa wanarudi alfajiri na kukuta kwamba pahali walipokuwa wakivuta mitumbwi yao nchi kavu pamejengwa.

Habari ya tetemeko sitaizungumza sana, maana tarehe 3 Februari 2008 ulikuwa bado hapa na ulijionea mwenyewe kuta zilivyolala. Mji wetu uko katika bonde la ufa, na bado mtu anasimamisha ghorofa tano juu ya kifusi kilichomwagwa majini, kisha anapangisha familia ndani yake.

Hata hivyo kikao hakikuitishwa kwa ajili ya samaki wala tetemeko. Kiliitishwa na akina mama wanaochota maji. Unajua jinsi mabomba yanavyokauka huku, wakati mwingine kwa siku nyingi mfululizo, na bomba likikauka watu wote hukimbilia ziwani na bidoni zao, yaani madumu ya maji. Kwa upande wetu umebaki upenyo mmoja tu, mfereji wa maji ya mvua uliopita kati ya kuta mbili, ambao upana wake ni wa mtu mmoja na bidoni yake. Anayeshuka lazima amngoje anayepanda. Mvua ikinyesha, mawe ya pale huteleza, na mama mmoja mjamzito alianguka hapo na bidoni ya lita 20 mgongoni, akaumia nyonga. Nilishuka kuangalia mwenyewe. Chini kabisa, mahali pa kuchotea, bomba la plastiki limetokeza katika ukuta wa jengo jipya na kutiririsha maji ya kijivu yenye povu. Akina mama husukuma povu kando kwa kiganja, kisha huzamisha kikombe na kujaza bidoni kikombe baada ya kikombe, kwa sababu hapana nafasi ya kuizamisha yote. Maji hayo ndiyo yanayopikiwa, katika mkoa ambao kipindupindu hakijawahi kuuacha kabisa.

Shida ya bomba hilo si ya nyumba moja tu. Maji yote ya Kivu yana mlango mmoja wa kutokea, nao ni mto Ruzizi, hapa hapa mjini kwetu. Kila kinachotupwa ziwani, chupa, mifuko na takataka za kila namna, huishia kwenye bwawa la Ruzizi na kuziba mitambo, kisha tunakaa gizani na kuuliza umeme umekwenda wapi.

Yapo pia mambo ambayo hayana bei, lakini watu waliyasema kikaoni kwa uchungu kuliko yote. Makanisa yanayobatiza kwa kuzamisha hulazimika kuomba ruhusa kwa walinzi, na pengine kulipa. Vijana waliokuwa wakijifunza kuogelea Jumapili hawana tena pa kuogelea isipokuwa kwenye mahoteli, ambako lazima kwanza ununue kinywaji. Mji mzima umekaa juu ya rasi tano zilizoingia ziwani, na bado mtoto wa mtaa wa Kadutu anaweza kufikisha miaka kumi bila kugusa maji anayoyaona kila asubuhi kutoka mlimani. Wazee walitukumbusha kwamba enzi za ukoloni, Bukavu ilipoitwa Costermansville, rasi zilikuwa za Wazungu, na wafanyakazi walipangiwa Kadutu na Bagira. Mzee mmoja aliuliza kama uhuru ulikuja ili kuta zile zile zijengwe upya na watu wengine, na hakuna aliyemjibu.

Sasa nije kwenye sheria, kwa kuwa najua utaniuliza. Sheria ya ardhi ya Kongo ya tarehe 20 Julai 1973 inasema kwamba ardhi iliyo chini ya ziwa lolote ni mali ya Serikali, na kifungu chake cha 10 kinasema kwamba mali ya Serikali iliyotengwa kwa matumizi ya umma haiuzwi wala hainunuliwi maadamu haijaondolewa kihalali katika matumizi hayo. Katiba nayo, katika kifungu cha 53, inampa kila mtu haki ya mazingira yenye afya. Viongozi wanaokuja kutembelea ukingo hutaja kila mara mita 10 ambazo hazipaswi kujengwa kutoka majini. Nilipowaambia wenzangu kwamba huko kwenu Tanzania sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inataja mita 60, na kwamba ng'ambo ya ziwa hili hili sheria ya Rwanda ya mwaka 2005 iliweka mita 50, kikao kizima kilinyamaza. Sisi hata hizo 10 hatuzioni. Mwenye jengo ana karatasi zake, zimepigwa muhuri, na ofisi iliyozitoa inatuambia kwamba kwenye ramani yao pale hapakuwahi kuwa na njia.

Kikao kiligawanyika. Vijana walitaka tudai majengo yote yaliyo ndani ya mita 10 yabomolewe, na kwa haki sidhani kwamba wamekosea. Lakini mimi nilisimama upande mwingine, na nataka ujue sababu. Umesikia mara ngapi katika mji huu kwamba majengo yatabomolewa? Inapigwa alama ya msalaba mwekundu ukutani, redio inatangaza, kisha rangi inapakwa juu ya msalaba na maisha yanaendelea. Mwenye ghorofa tano atapambana mahakamani miaka mingi ili asibomolewe, na ana fedha za kufanya hivyo. Ila kumdai njia ya upana wa mita tatu, yenye ngazi na ukuta wa kuizuia isiporomoke, iandikwe kwenye ramani kama mali ya umma, hilo ni dai ambalo kiongozi anaweza kulikubali wiki hii, na akilikubali mama atachota maji kesho yake. Njia ikishaandikwa, parseli inayofuata haitamezwa kimya kimya kama hii. Nilisema pia kwamba wapo jirani zetu wanaolinda na kupika katika majengo hayo, na ombi la kubomoa lingewafanya wawe adui zetu, wakati wao wenyewe hupita katika mfereji ule ule na bidoni zao. Baada ya mabishano marefu tulikubaliana kudai njia kwanza, bomba la maji machafu liondolewe mara moja, na kujaza ziwa kusimame. Suala la kubomoa litafuata njia yake mahakamani.

Dai letu litakuwa kwa maandishi. Kifungu cha 27 cha Katiba kinamruhusu kila Mkongomani, peke yake au pamoja na wengine, kupeleka ombi kwa mamlaka, ambayo inapaswa kujibu katika miezi mitatu, na hakuna anayeruhusiwa kushtakiwa kwa kufanya hivyo. Maneno hayo ya mwisho tuliyasoma kwa sauti mara kadhaa, kwa sababu wengi waliogopa kutia sahihi. Tutalipeleka tarehe 11 Septemba, ili miezi mitatu iishe kabla ya uchaguzi wa tarehe 20 Desemba. Wagombea wawili wamekwisha kujitolea kutubebea ombi hilo, tukawakatalia kwa heshima. Likishakuwa la mgombea, litakufa pamoja na kampeni yake.

Hapa ndipo tunapokuhitaji. Ili kifungu cha 10 cha sheria ya ardhi kitusaidie, tunapaswa kuonyesha kwamba njia ile ilikuwa ikitumiwa na umma tangu zamani na kwamba haikuwa uwanja wa mtu. Wazee waliojua mambo hayo wanatutoka mmoja mmoja. Wewe uliishi kwenye nyumba iliyopakana nayo hadi ulipoolewa, na huna parseli wala ugomvi na mtu yeyote huku, kwa hiyo hakuna atakayesema unatafuta faida. Tafadhali andika kwa mkono wako njia ilianzia wapi na ilifikia wapi, ilikuwa na upana gani, akina nani walipita, na hadi mwaka gani uliiona wazi. Andika tu yale unayoyakumbuka kwa hakika. Wakili anayetusaidia anasema ushahidi mfupi ulio kweli tupu una nguvu kuliko kurasa nyingi za kukisia.

Tafuta pia ile picha ya ubatizo wa mama yako mkubwa, ambayo ilikuwa katika albamu ya kijani. Kama sijasahau, nyuma ya waumini unaonekana ukingo wote hadi kwenye mkalitusi mkubwa, na hakuna ukuta hata mmoja. Mkalitusi huo bado upo, umebaki ndani ya geti, na kwa kuulinganisha tutaweza kuonyesha mahali kamili ambapo watu walikuwa wamesimama. Ipige picha, mbele na nyuma kama kuna tarehe, unitumie kwa simu pamoja na barua yako iliyotiwa sahihi. Karatasi zenyewe mpe mtu unayemwamini anayesafiri kuja huku. Usizitume kwa mtu usiyemjua. Zikinifikia kabla ya tarehe 8 Septemba nitapata muda wa kuzitolea nakala.

Msalimie shemeji na watoto. Ukipata shida yoyote ya kuipata picha, nipigie jioni, baada ya saa moja, wakati huo huwa niko nyumbani.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Nsimire