Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Seneta ambaye si wangu

Mheshimiwa Seneta,

Nakusalimu kwa heshima zote. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu kwa Kiingereza nilishajaribu. Juzi nilipiga simu ofisini kwako kuuliza ule muswada wa kuufanya mji mkuu wa Marekani, Washington, D.C., kuwa jimbo umefia wapi. Kijana aliyepokea alikuwa na adabu sana. Akaniuliza namba ya posta ya ninapoishi, nikamtajia, akanyamaza kidogo, kisha akasema ofisi inahudumia wapiga kura wa jimbo lenu tu. Mimi nimpigie seneta wangu.

Seneta wangu yupi, Mheshimiwa?

Nilipojiandaa kwa mtihani wa uraia nilikariri maswali yote. Mojawapo lilikuwa: mtaje mmoja wa maseneta wa jimbo lako. Kwa mkazi wa D.C. jibu sahihi, lililochapishwa na serikali yenyewe, ni kwamba D.C. haina seneta. Nikakariri hilo pia, nikafaulu, nikala kiapo, nikapewa bendera ndogo. Kwa hiyo msiseme hamjui. Mnajua, mmeandika, na mnatutahini.

Mimi ni dereva wa basi. Mwenzangu wa zamu anakaa ng'ambo ya Eastern Avenue, yaani Maryland. Mshahara wetu ni mmoja, na kodi ya shirikisho tunakatwa sawa kabla pesa hazijafika mkononi. Yeye ana maseneta wawili wa muhula wa miaka 6, na mwakilishi anayerudi kumbembeleza kila baada ya miaka 2. Mimi nina mwakilishi mmoja anayeruhusiwa kuzungumza ukumbini na kupiga kura kwenye kamati, lakini muswada ukifika kura ya mwisho, anakaa anatazama wenzake. Tena tangu 1990 tunachagua na maseneta kivuli wawili, ambao Seneti haiwapi kiti wala kura. Huwa naweka alama kwenye majina yao kwa uaminifu mkubwa.

Najua utasema rais nashiriki kumchagua. Ni kweli, kwa hisani ya Marekebisho ya 23 ya mwaka 1961; kabla ya hapo mtu wa D.C. hakuwa hata na hilo. Tuna wajumbe 3 kati ya 538 wanaomchagua rais, na anayefikisha 270 ndiye mshindi, hata kama wananchi wengi zaidi walimpigia mwenzake, kama ilivyotokea 2000 na 2016. Lakini endelea kuisoma Katiba uliyoapa kuilinda. Asipopatikana wa kufikisha 270, Baraza la Wawakilishi ndilo humchagua rais, na kila jimbo lina kura moja. California moja. Wyoming moja. D.C. sifuri. Hizo kura zetu 3 zinayeyuka siku ambayo zingehitajika kuliko siku zote.

Na Wyoming hiyo, kwa sensa ya 2020, ina watu 576,851. Sisi tuko 689,545. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kunyongwa tumeshanyongwa, ile sehemu ya pili bado tunaisubiri.

Tunaambiwa waasisi walitishwa na askari waliowazingira Philadelphia mwaka 1783 wakidai mishahara, ndiyo maana wakataka makao makuu yasiyo chini ya jimbo lolote. Sawa, lakini askari wale wamekufa wote. Mimi nadhani, na unisahihishe nikikosea, kinachowatisha leo ni hesabu. Tangu tuanze kupiga kura ya rais mwaka 1964, D.C. haijawahi kumpa ushindi mgombea wa Republican, na maseneta wawili wapya wangeelemea upande mmoja. Wala hao Democrat tunaowapigia hawajatutendea makubwa. Aprili 2021 Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada wetu kwa kura 216 dhidi ya 208, Seneti ikiwa mikononi mwao, na ukumbini haukupigiwa kura hata siku moja. Muda haukupatikana.

Muda ulipatikana mwaka 2023, madiwani wetu walipoandika upya sheria ya jinai. Hapo Seneti ilikimbia! Maseneta 81 waliunga mkono kuifuta. Sheria yenyewe sikuipenda yote, nakiri, lakini madiwani wale niliwachagua na ningeweza kuwaondoa. Kati ya hao 81, nani ningemwondoa?

Mwanangu yuko jeshini, Mheshimiwa. Siku mkiamua kupiga kura ya vita, jina lake litakuwa kwenye orodha ya wanaokwenda, na hakutakuwa na mtu hata mmoja mwenye kura ukumbini ambaye mama yake na mimi tulimtuma. Kodi mnaipokea bila kuuliza namba ya posta. Mtoto pia mlimpokea bila kuuliza.

Wakati wa kampeni nilikusikia kwenye televisheni ukisema mlango wako uko wazi kwa kila Mmarekani. Nilikuamini, nikapiga simu, nikapigwa danadana.

Sikuombi ukubaliane nasi. Naomba muswada uletwe ukumbini upigiwe kura. Ukitaka kusema hapana, sema, jina lako liandikwe, na watu wa jimbo lako walione. Lakini upigiwe kura. Na kama hilo ni zito kwa sasa, basi mwambie yule kijana wa simu apokee ujumbe wangu hata kama namba yangu ya posta inaanza na 200. Ujumbe wenyewe ni mfupi, hautamchosha: upigiwe kura.

Wako kwa heshima,
Mkazi na mlipa kodi, Washington, D.C.