Barua kwa Baba Neema: usiifunge akaunti ya IRA

Columbus, Ohio
8 Februari 2026

Ndugu yangu Baba Neema,

Salamu nyingi zikufikie wewe, Mama Neema na watoto. Sisi huku hatujambo, isipokuwa theluji imetukalia mlangoni kama mgeni asiyeaga.

Shangazi Mwanaisha ameniambia kwamba unataka kuifunga akaunti yako ya IRA, ile akiba ya uzeeni unayojiwekea mwenyewe, kwa sababu tangu Novemba umeingizwa katika mpango wa 401(k), yaani akiba ya kustaafu inayopitia kwa mwajiri, na kwamba kuna mtu amekuhakikishia kuwa huruhusiwi kuchangia kote kuwili. Nimeona heri niandike, maana kwenye simu huwa hunipi nafasi ya kumaliza.

Huyo aliyekwambia amechanganya mambo mawili. Kuchangia hujakatazwa: kwa mwaka 2025 kila mmoja wenu, akiwa hajafikisha miaka 50, anaweza kuweka hadi dola 7,000 katika IRA. Kinachoguswa na mpango wa mwajiri ni unafuu wa kodi, yaani haki ya kuuondoa mchango huo kwenye mapato kabla hayajapigiwa kodi. Tazama kisanduku namba 13 katika fomu yako ya W-2, ile ya mwajiri inayoonyesha mshahara wako wa mwaka na kodi uliyokatwa. Ikiwa sehemu ya mpango wa kustaafu imetiwa alama, unahesabiwa mshiriki kwa mwaka mzima, hata kama ulijiunga Novemba na hata kama fedha zilizoingia ni za mwajiri peke yake.

Kwa wanandoa wanaojaza fomu ya kodi ya mwaka 2025 pamoja, mshiriki hupata unafuu wote mapato yao yasipozidi dola 126,000, kisha hupungua kidogo kidogo hadi kwisha yanapofika 146,000. Kama mapato yenu ni 136,000, jinsi ulivyonidokeza, uko katikati kabisa, na utapata unafuu wa 3,500 tu. Lakini Mama Neema, ambaye kazi yake ya kulea watoto wa watu nyumbani haina mpango wowote, hupimwa kwa kipimo kingine, ambacho unafuu huanza kupungua mapato yenu yakizidi 236,000, kwa hiyo dola zake zote 7,000 zinapata unafuu. Mwenye bahati hapo ni mkeo, na nakujua, hutapenda kumwambia.

Mimi yalinikuta. Kwa mwaka 2024, nikiwa mseja mwenye mapato yaliyopita 87,000, aliyenijazia fomu ya kodi aliniombea unafuu wa mchango wote bila kukitazama kisanduku hicho cha 13. Barua ikaja kutoka kwa watu wa kodi, nikalipa kodi pamoja na riba. Sikujua pia kwamba mchango uliokosa unafuu huandikwa katika Fomu 8606, ili utakapouchukua uzeeni usitozwe kodi mara ya pili. Basi zile 3,500 zako zilizobaki ziandike humo, au, kama ningefanya mimi, zipeleke Roth, aina nyingine ya IRA: leo hupati unafuu wowote, lakini uzeeni unazichukua bila kodi, na huko hakuna anayeuliza habari za mpango wa mwajiri, huulizwa ukubwa wa mapato tu.

Je, W-2 imekwisha kufika? Umeweka kiasi gani hadi sasa, au hujaweka hata senti? Mwajiri anakuongezea kiasi gani juu ya mchango wako? Na huyo mshauri wako, si yule yule aliyekuuzia gari lililozimika njiani? Nijibu mapema, maana mwisho wa kuchangia kwa mwaka 2025 ni tarehe 15 Aprili.

Ndugu yako,
Rashidi