Barua kwa somo yangu: daftari lako la nyoka na matabibu wa zamani

Leeds, Uingereza
Jumapili, 16 Novemba

Kwako somo yangu,

Salamu nyingi kama mchanga wa pwani zikufikie hapo zahanati. Mimi huku ni mzima, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Umecheka? Nimeianza hivyo makusudi, maana ndivyo tulivyokuwa tukiandika bweni zima, hata barua ya kumwomba kaka sabuni. Nimeshika kalamu kwa sababu haya ninayotaka kukwambia hayaenei kwenye ujumbe wa sauti, na wewe ujumbe wangu ukizidi dakika tatu huusikilizi hadi mwisho. Nakujua.

Ni lile la daftari lako. Miaka mitatu umemwandika kila aliyeletwa kwa kuumwa na nyoka: umri, saa, shambani au nyumbani, alipitia kwa nani kabla ya kuja kwako, alipona au hakupona. Halafu ukalipeleka kwenye kikao, na mtu mmoja mwenye cheo akakuuliza kama siku hizi umekuwa profesa. Wakacheka, ukalifunga. Uliponisimulia nilinyamaza, si kwamba sikuguswa, ila sikuwa na la kukwambia. Sasa ninalo.

Kutoka ninapokaa hadi mji wa Halifax ni mwendo wa treni usiofika saa moja. Nilikwenda mwezi wa tisa, siku yangu ya mapumziko, kwa ajili ya mtu aliyetibu watu huko miaka 300 iliyopita. Anaitwa Thomas Nettleton. Halifax ni mji wa vilima na mvua, na wakati huo watu wake waliishi kwa kufuma sufu. London ilikuwa mbali kwa kila hali. Mwishoni mwa 1721, ndui ikiwa imetanda upande huu wa Yorkshire, Nettleton akaanza kuchanja watu.

Ngoja nikueleze kuchanja kwenyewe, maana wewe ukilisikia neno hilo unaona jokofu na sindano. Hii ni kabla ya chanjo. Unachukua usaha wa kipele cha mgonjwa wa ndui, unampiga chale ambaye hajaugua, unautia humo. Ataugua ndui, ila kwa kawaida itakuwa nyepesi, kisha haimrudii tena. Kwa kawaida, nimesema. Wapo waliokufa. Kiswahili chetu kimeihifadhi kazi hiyo ndani ya neno: mtoto tunayempeleka kliniki tunamchanja kwa neno lile lile la kuchanja chale na kuchanja kuni.

Sasa jiulize, jambo kama hilo lilimfikiaje tabibu wa milimani? Kwa barua, somo. Barua tupu.

Hapo inabidi nirudi nyuma kidogo. Mwaka 1660 watu kadhaa wa London, matabibu wakiwemo, waliunda chama cha kuchunguza maumbile, ndicho kinachoitwa Royal Society hadi leo. Katibu wao mmoja, Henry Oldenburg, alikuwa Mjerumani wa Bremen. Kazi yake ilikuwa kuandika barua na kupokea barua, basi. Anamwandikia huyu wa Paris, yule wa Danzig, tabibu wa kijijini na kasisi mwenye darubini. Ikija barua nzuri inasomwa kwa sauti mkutanoni, inanakiliwa kwenye daftari kubwa, kisha inarudi na maswali. Kuanzia Machi 1665 akawa anazichapisha barua hizo kwenye jarida lake mwenyewe. Kwa hiyo aliyeandika alijua kuwa anamwandikia mtu mmoja na wakati huohuo anauandikia umma. Ndiyo maana barua zao zina adabu nyingi mwanzoni kama zetu, halafu ghafla zinageuka hesabu na vipimo.

Na gharama! Bahasha hazikuwapo. Karatasi ilikunjwa, ikabandikwa nta, na kwa kawaida mlipaji alikuwa mpokeaji. Kwa sheria ya 1660, karatasi moja ilikuwa peni 2 kwa safari isiyozidi maili 80, na peni 3 kwa zaidi ya hapo. Barua za ng'ambo zilizidi. Oldenburg, ambaye miaka ya mwanzo hakuwa na mshahara, angefilisika kwa kupendwa. Akapata ujanja: walio nje wamwandikie "Bwana Grubendol, London". Panga upya herufi za jina lake uone. Barua za huyo Grubendol zilipitia ofisi ya serikali, serikali ikabeba gharama, na yeye akawapa habari za siasa zilizokuwamo ndani. Ujanja haukumwokoa. Juni 1667, Uingereza ikiwa vitani na Waholanzi, walimtia gerezani kwenye Mnara wa London kwa kushukiwa, akakaa humo kama miezi miwili. Mgeni anayepokea barua nyingi kutoka nje wakati wa vita. Hata huku kwetu ningemshuku.

Mmoja wa waliomwandikia ungempenda. Muuza vitambaa wa Delft, Antoni van Leeuwenhoek. Kilatini hakujua, chuo hakusoma, aliandika Kiholanzi chake cha dukani. Tabibu wa mji wake, Reinier de Graaf, ndiye aliyemtambulisha kwa barua mwaka 1673. Oktoba 1676 akaandika kuwa ndani ya tone la maji ameona vinyama vidogo visivyoonekana kwa macho. London hawakuamini. Lakini hawakumwuliza kama amekuwa profesa. Walimtaka ushahidi, akapeleka maandishi ya watu wanane walioangalia kwa macho yao, wachungaji wa kanisa wakiwemo. Novemba 1677 Robert Hooke, mmoja wa chama chao, akatengeneza lenzi zake, akaangalia, akaviona. Mzee Leeuwenhoek aliendelea kuandika hadi alipofariki mwaka 1723, umri miaka 90.

Turudi kwenye ndui. Mwaka 1714 jarida lile lilichapisha maelezo ya Emanuel Timoni, tabibu aliyekuwa Istanbul, kuhusu namna watu wa huko walivyochanja. Jarida likavuka bahari hadi Boston, likasomwa na mhubiri anayeitwa Cotton Mather. Julai 1716 Mather akamwandikia Dk. John Woodward wa London kwamba habari hii si mpya kwake: aliisikia nyumbani kwake, kwa Mwafrika aliyekuwa mtumwa wake. Alikuwa amemwuliza kama aliwahi kuugua ndui. Akajibu ndiyo na hapana. Kwao alipigwa chale, akapata ndui kidogo, basi haimpati tena. Na kovu akalionyesha. Mather akawauliza na Waafrika wengine mjini, wakasema lile lile.

Mtu huyo alipewa jina la Onesimus. Wewe unalijua jina hilo, maana walokole wa bweni letu walitusomea Waraka kwa Filemoni mpaka tukaukariri: Onesimo, mtumwa aliyerudishwa kwa bwana wake na barua mkononi. Maana yake ni mwenye kufaa. Mather alijua anachokifanya alipompa. Sijui nimsifu au nimlaani mhubiri yule. Katika barua yake alimtaja Onesimus kwa jina, na wengi wa wakati wake wangeandika tu "nimesikia". Lakini maneno ya Onesimus yametufikia kwa kalamu ya aliyemmiliki, na kwao hasa ni wapi hatuambiwi kwa uhakika.

London waliipokea barua, wakaiweka. Miaka mitano! Mwaka 1721 meli ikaleta ndui Boston, wakaugua zaidi ya watu 5,700, wakafa 844. Mather akawaandikia matabibu wa mji, na aliyekubali ni mmoja tu, Zabdiel Boylston. Alianza kuchanja na mwanawe wa miaka sita, na watumwa wawili wa nyumbani kwake ambao sidhani waliulizwa. Kati ya karibu watu 240 aliowachanja walikufa sita. Mji ukamjia juu. Novemba hiyo mtu akarusha guruneti dirishani kwa Mather, halikulipuka, na lilikuwa limefungwa kikaratasi: nitakuchanja kwa hiki. Hiyo nayo ni barua.

Mwaka huohuo, mjini London, Lady Mary Wortley Montagu, aliyekaa Uturuki na kuwaona wanawake wa huko wakichanja, akamchanjisha binti yake. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza Uingereza. Daktari William Wagstaffe akatoa barua ya wazi mwaka 1722 akishangaa kwamba taifa lenye elimu linafuata jambo la wanawake wachache wajinga, wa watu wasiosoma. Soma tena sentensi hiyo ukifikiria kile kikao chenu.

Sasa Nettleton. Yeye hakugombana. Aliandika. Kwanza kwa mwenzake Whitaker wa London, kisha kwa Dk. James Jurin, tabibu na mwanahisabati aliyekuwa katibu wa Royal Society wakati huo. Aliwasimulia aliowachanja, homa ilianza siku ya ngapi, vipele vilitoka vingapi. Kisha akafanya jambo ambalo ndilo lililonipandisha treni: akakusanya hesabu ya miji ya jirani, ya watu ambao hakuwachanja. Halifax waliougua 276, waliokufa 43. Leeds waliougua 792, waliokufa 189. Leeds hii hii ninayonunulia mkate. Karibu mmoja kati ya kila wanne. Akasema jambo hili lipimwe kwa mantiki ya mfanyabiashara: faida huku, hasara kule, uone mizani imelalia wapi. Lugha ya mji wa sufu hiyo.

Jurin hakuishia kusifu. Alitoa tangazo, kila anayechanja amwandikie: jina la mtu, umri wake, alichanjwaje, aliugua siku ya ngapi, mwisho wake nini. Barua zikaja kutoka kila pembe, za matabibu, wapasuaji, wauza dawa. Penye kifo alirudi na maswali: alikuwa mgonjwa kabla? Nani alimhudumia? Tusikie na upande unaosema chale ndiyo iliyomwua. Mwaka baada ya mwaka akachapisha jumla. Wa ndui ya kawaida alikufa karibu mmoja kati ya watano au sita. Wa kuchanjwa, karibu mmoja kati ya hamsini. Na hesabu hiyo ilitokana na madaftari kama lako. Hakuna hata mmoja kati ya wale waandishi aliyekuwa na jumla kichwani. Kila mmoja alikuwa na wagonjwa wake kumi, ishirini, na uvumilivu wa kuandika.

Kuna kitu kingine nilikipenda, nikakumbuka simu yako inavyolia usiku. Matajiri wa enzi hizo walitibiwa kwa barua. Sir Hans Sloane, tabibu wa London aliyeandikiwa kutoka nchi nzima, alipokea masimulizi ya homa, choo na usingizi wa watu asiowaona, akajibu kwa dawa. Wewe unatumiwa picha ya upele wa mtoto na shangazi yake, bila umri, bila "ulianza lini". Sloane naye, nadhani, alisonya mara nyingi.

Basi mimi nimejiteua katibu wako. Nijibu haya, kwa karatasi. Kati ya walioumwa usiku, wangapi walikuwa wamelala chini na wangapi kitandani? Waliokuja moja kwa moja na waliopitia kwa mganga wa kienyeji, walichelewa saa ngapi kila kundi? Pale ulipoandika jina la nyoka, ni wewe uliyemwona amekufa ndani ya gunia, au ni maneno ya waliomleta mgonjwa? Hayo yatenganishe, usiyaweke safu moja. Na lililo gumu: waliofia njiani wasikufikie, nani anawahesabu? Mwulize mhudumu wa afya wa kila kitongoji, kama Nettleton alivyohesabu hata wale ambao hakuwagusa.

Daftari lenyewe usilitume. Nakili, majina ya wagonjwa uyaache huko huko, uweke namba. Nikipata karatasi zako nitazipanga, kisha tutatafuta pamoja wa kumpelekea, na safari hii si kwenye kikao.

Nisalimie mama. Lile kovu la begani kwake, la duara, nakumbuka tulikuwa tukilishika tukiwa wadogo. Ndui ya kawaida ilikomea jirani kabisa na kwetu, Merka huko Somalia, Oktoba 1977, kwa mpishi wa hospitali ambaye alipona. Mwulize mama alichanjwa mwaka gani, wapi, na nani, na kama aliugua siku zile. Akikumbuka tu "ilikuwa mwaka wa mafuriko", andika hivyo hivyo.

Ni mimi somo yako