Kabla ya kumlaumu chui, someni nyayo

Mhariri,

Kila mbuzi akiuawa usiku, lawama humwangukia chui. Mara nyingi muuaji ni mbwa wazururaji au fisi, na ushahidi uko pale pale zizini, ila watu wameshaukanyaga. Wazuieni wasikaribie hadi nyayo zipimwe.

Mnyama wa jamii ya paka, chui akiwemo, hutembea ameficha kucha (duma peke yake haziingizi zote), na ukingo wa nyuma wa kiganja chake una mawimbi matatu. Unyayo wa chui una upana wa sentimita 7 hadi 9. Wa mondo au simbamangu, paka mwitu wadogo kuliko chui, ni takribani 5. Pimeni sakafu ya alama, si kingo zake, kwani tope hutanuka na kumgeuza mondo kuwa chui. Mbwa na fisi huacha alama za kucha. Fisi, miguu ya mbele ni mikubwa kuliko ya nyuma.

Kisha mchuneni mzoga shingoni. Chui hukaba koo: mtakuta matundu machache yenye kina, na damu imevilia chini ya ngozi. Kukiwa na matundu bila damu kuvilia, mnyama aling'atwa akiwa ameshakufa, kwa hiyo huyo mlaji siye muuaji. Mbwa hurarua mapaja na masikio, huua wengi na kula kidogo. Fisi hufungua tumbo na kuvunja mifupa. Kinyesi chake kikikauka huwa cheupe.

Pigeni picha mkiweka rula kando ya unyayo, mmwite afisa wanyamapori. Mzoga msiutie sumu: watakaokufa kwanza ni tumbusi.

Msomaji, Arusha